Macho ya Baba Mkwe

Tangu nilipoolewa Mboghoni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba mkwe wangu hakuwahi kunitazama usoni. Si kwamba alinichukia. Katika ukoo ule baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hawaketi mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Aliyeacha njia siku zote alikuwa yeye. Akiniona kwa mbali hugeukia migomba na kujifanya anakagua ndizi, hata kama ndizi zenyewe ni za jirani. Mimi nilicheka moyoni, nikapita zangu.

Asubuhi moja alikuwa akifyeka majani kando ya mfereji wa kumwagilia shamba. Nikasikia ukelele, nikatupa jembe na kukimbia, mtoto mgongoni. Swila, yule nyoka anayetema sumu, alikuwa ameinuka majanini na kumtemea macho yote mawili, kisha akatokomea. Mzee alikuwa amepiga magoti, machozi yanamchuruzika, kope zimekaza kama zimeshonwa, naye anayasugua macho kwa viganja.

"Macho yangu! Naungua!"

Mama mkwe akafika nyuma yangu. Dawa ya swila kila mtu aliijua: maziwa ya mama anayenyonyesha. Na aliyekuwa ananyonyesha pale shambani ni mimi tu.

"Nakimbia nyumbani kuleta kikombe," akaniambia. "Utakamua kule nyuma ya migomba, nami nitamtilia mwenyewe."

Hata nyoka hakutosha kuivunja heshima ile. Akaondoka mbio, na nyumbani hapakuwa karibu.

Mimi nimekulia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mwatate. Utomvu wa mkonge ukimrukia mtu jichoni, mama yangu alimwosha kwa maji, tena mengi, mpaka mtu mwenyewe alalamike. Nikautazama mfereji unavyopita miguuni petu, hasira zikanipanda. Mtu apofuke maji yakiwa hapa, ati tunangoja kikombe?

Nikamshika baba mkwe kichwa.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, baba. Usisugue. Inama."

"Wewe? Niache, mama! Hii si adabu!"

"Adabu utanidai ukipona."

Nikamwinamisha, nikamfungua kope kwa vidole na kumtekea maji kwa kiganja, jicho hili, kisha lile. Alinung'unika, akanitukana kidogo, mwishowe akaniachia kichwa. Mama mkwe aliporudi na kikombe chake alisimama pale mdomo wazi. Mimi sikuacha.

Hospitalini daktari alimtia tone la dawa ya rangi inayoonyesha michubuko ya jicho, akammulika kwa tochi. Alisema kioo cha mbele cha macho kimechubuka, na kwamba sumu ingekaa zaidi ingeacha kovu la kumtia upofu. Akampaka mafuta ya dawa na kumfunga macho yote bandeji. Kama ataona sawasawa, tungejua yatakapofunguliwa.

Siku zile za bandeji baba mkwe alizungumza nami kuliko miaka yote. Kwa kuwa hanioni, aliona hakuna mwiko anaovunja. Nilimwekea bakuli la uji mkononi, akaniuliza habari za kwetu, akanicheka ninavyotamka maneno yao. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi. Pamoja na ujasiri wangu wote ule, usiku nililala na hofu kwamba nilichelewa.

Siku ya kufunguliwa bandeji sikukaa nyumbani kungoja. Nilichukua debe nikaenda kuteka maji. Wakati wa kurudi nikamwona anakuja kwenye njia ile ile, peke yake, macho wazi, bila fimbo. Nikasimama. Akaja, akaja, mpaka nikadhani atanigonga.

Ghafla akaacha njia, akaingia kwenye migomba ya jirani na kuanza kukagua ndizi.

Nikapita zangu huku nalia kwa furaha, maji ya debe yakinimwagikia mabegani.