Mayai Chini ya Mashua ya Dolina

Saa nne asubuhi, mkondo wa mlango-bahari wa Caolas Dubh unalegea, na Dolina MacAskill ameketi ukingoni mwa mashua, mtungi wa hewa mgongoni. Anatema mate ndani ya miwani, anayasugua kwa kidole, anaisuuza. Maji yana nyuzi saba tu.

Leo anazama na kamera tu, bila mfuko wa kuokotea.

"Miaka yote naendesha hii mashua," anasema shemeji yake, Torcuil, akiwa ameshika usukani, "leo nakupeleka utalii."

"Basi nitoze nauli," Dolina anamjibu, kisha anajirusha kinyumenyume.

Dolina, 49, ni mzamiaji wa makombe, chaza wapana wa kuliwa, wa Port Eòrna, kijiji cha pwani ya magharibi ya Uskoti. Huyaokota kwa mkono, moja moja, kwenye mchanga wa kina cha mita ishirini na zaidi. Madogo huyaacha pale pale yakue. Huzama maji yanaposimama, kati ya kujaa na kupwa. Akichelewa kupanda, mkondo humchukua, na Torcuil hubaki kufukuza mapovu yake kwa mashua.

Wageni hudhani kiangazi ndio msimu mzuri. Dolina hucheka akisikia hivyo.

"Kiangazi bahari inakuwa supu ya kijani, mkono wako mwenyewe huuoni. Halafu yavuyavu wa kuwasha wamejaa. Suti inakufunika kote isipokuwa midomo, na wenyewe wanaijua hiyo midomo."

Mwezi huu wa Machi baridi inapenya hadi kwenye meno, lakini maji ni maangavu. Anaona viti vya pweza, wale viumbe wa umbo la nyota, wembamba, waliotandaa juu ya mchanga, na matumbawe laini, meupe, yaliyoota kwenye miamba kama vidole vilivyovimba. Sili mmoja humfuata nyuma na kumvuta viatu.

Ni hapa, Septemba iliyopita, alipookota kitu cheusi kama mkoba wa ngozi, kirefu kuliko kiganja, chenye pembe nne. Vitu hivyo hutupwa ufukweni baada ya dhoruba, vikiwa vitupu, na watoto wa hapa huvijaza mchanga. Dolina alikitia pamoja na makombe yake ili awape wajukuu wa Torcuil.

"Nikamuuliza, umeweka mawe humu?" anakumbuka Torcuil. "Nikakiinua juani. Kikacheza! Niliona mkia, bwana. Kidogo nikiangushe."

Lilikuwa yai la taa mkubwa, samaki mpana anayeweza kumzidi mtu urefu, na ambaye amekuwa adimu. Yai lake hukaa chini mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kuanguliwa.

Dolina aliliweka kwenye ndoo ya maji ya bahari, akawa anayabadilisha ili yasipate joto, hadi bahari iliposimama tena jioni. Walipokuwa wakingoja baharini, lori la mnunuzi liliondoka bila makombe yao. Aliporudi chini kulipachika katikati ya mawe, aliangaza tochi huku na huku. Karibu kila mwanya ulikuwa na yai.

Majira ya baridi, mashua kubwa huja hapo kukokota nyavu za chuma zenye meno, na meno hayo hukwangua kila kilichopo. Kama angetoa taarifa, uwanja huo wa uvuvi ungefungwa. Lakini ungeweza kufungwa kwa wote, naye akiwemo, na zaidi ya nusu ya makombe yake ya mwaka hutoka hapo.

"Nilimwambia, shemeji, wewe huvuti chuma," anasema Torcuil. "Yai la taa umelirudisha. Nyamaza, okota makombe yako."

"Na hakukosea," anasema Dolina. "Mashua ni yetu sote wawili. Ila ningenyamaza, Januari wangepita hapo, na mimi ningekuwa jikoni nikisikia injini zao."

Oktoba alipiga simu ofisi ya uvuvi. Uwanja ukafungwa kwa muda, naye akaruhusiwa kuzama kupiga picha tu, akisubiri uamuzi. Wavuta vyuma bandarini wamempa jina.

"Mama Mayai huyoo!" humpigia kelele akipita. "Leo umetaga mangapi?"

Mapovu yanakaribia mashua. Dolina anaibuka, midomo imegeuka buluu. Torcuil anamvuta juu na kummiminia chai.

"Vipi hao watoto?"

"Wapo. Yai moja limefunguka pembeni, linaingiza maji na kutoa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Anapumua."

Kabla hajamaliza kuvua glavu, simu inalia. Ni afisa wa uvuvi. Dolina anasikiliza muda mrefu, anasema ameelewa, anashukuru. Uwanja umefungwa kwa nyavu na kwa wazamiaji, bila tarehe ya kufunguliwa.

Torcuil anatazama maji.

"Hongera. Umejifukuza kazi kwa mdomo wako mwenyewe."

"Najua."

"Ningekuwa wewe ningelia."

"Nikilia miwani itaingia ukungu."

Hakuna anayecheka sana. Dolina anaeleza kwamba nje ya miamba ya Sgeir Riabhach, upande wa bahari wazi, kuna mchanga ambao hajawahi kuukagua. Mawimbi huko ni makubwa, na maji husimama kwa muda mfupi. Anataka kuujaribu kabla ya kiangazi kuleta supu yake ya kijani. Ukimpa hata nusu ya alichopoteza, watabaki na mashua. Usipompa, wataiuza.

"Sijui kuna nini kule," anasema. "Sikuwahi kuwa na sababu ya kwenda."

Torcuil anawasha injini. Omo ya mashua haielekei nyumbani.

"Maji yatasimama tena saa kumi," anasema, na kumsukumia mkate wa shayiri. "Kula kwanza, shemeji. Huko nje ni kugumu."