Kilio cha Bukuru

Ipo siku moja ambayo bado naikumbuka, mwanangu, na tangu uniambie kwamba unataka kusoma teatri imekuwa ikinirudia hata wakati wa kula. Sikukatazi. Keti tu unisikilize kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, zama za Wabelgiji, nami nilikuwa darasa la mwisho kwenye shule ya mapadiri huko Uvira. Padiri mmoja alitufundisha teatri kama somo kamili: kupumua, kutembea jukwaani, kupaza sauti mpaka mtu wa nyuma aisikie. Nililipenda somo lile kuliko chakula. Wasichana hawakuwepo shuleni, kwa hiyo sisi wavulana ndio tuliovaa vitenge na kuwa wake za watu, na utani wa wenzetu tuliuvumilia. Mwaka ule nilipewa nafasi ya mama aliyefiwa na mwanawe.

Sasa ujue jambo moja. Mimi ni pacha; kwetu Nyakabere tunasema mapasa. Jina langu Butoyi, yule mdogo. Mkubwa wangu alikuwa Bukuru, surua ikamchukua tungali watoto. Na mapasa, mwanangu, hawaliliwi. Ukimlilia aliyeondoka, atarudi kumchukua mwenzake. Mama alimzika Bukuru macho makavu, akarudi shambani kupalilia mihogo, na jina lile halikutajwa tena nyumbani. Nilidhani ana moyo wa jiwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mtoto atajuaje?

Katika mazoezi kilio changu kilikuwa cha mbuzi. Padiri akachoka nami.

“Lia vile mama zenu wanaliaka,” aliniambia. “Tafuta uchungu wako mwenyewe, uutie pale.”

Alikuwa mtu mwema yule, ila mtu mwema asiyeuliza huvunja vyungu vingi.

Siku ya sikukuu ya shule wazazi walikuja, wengine kwa miguu kutoka bonde la Ruzizi. Mama aliketi mbele, na shangazi yangu, dada wa baba, kando yake. Nilipopiga magoti mbele ya mvulana aliyejilaza kama maiti, niliutafuta uchungu kama nilivyoagizwa, nikaupata. Jina la yule marehemu wa mchezoni likanitoka kichwani. Nikalia, “Bukuru! Bukuru wangu, amka!”

Mama akapiga yowe. Alilia kilio chote alichokibana miaka ile, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyemsaidia. Kwetu msiba ni wa wote, lakini wanawake wa Nyakabere walifunika midomo kwa mikono, wakatazama chini, kwa sababu kilio kile hakikuwa na ruhusa. Padiri peke yake alisimama akipiga makofi, akidhani tumefaulu. Kisha Mama akanitazama, akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Shangazi alinifuata nyuma ya pazia, nikiwa bado na kitenge kiunoni.

“Weye ulisoma namna ya kufungua machozi,” akaniambia. “Nani alikufundisha kuyafunga?”

Tangu siku hiyo Mama alingojea kifo changu. Alinikataza kuoga ziwani, alinikataza kuvuka Ruzizi. Nikikohoa, anaacha sufuria motoni aje kunishika kifua. Sikuugua. Aliugua yeye, homa tu ya wakati wa mvua, ambayo wengi walipona. Tulitaka kumpeleka hospitali Uvira, akang'ang'ania kitanda.

“Munipeleke wapi? Miye nikipona, ile kifo itarudi kumutafuta Butoyi. Muache inikamate miye.”

Nilimwambia kuwa mchezo ulikuwa mchezo tu. Akanipapasa kichwa kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Tukamzika karibu na Bukuru. Watu wote walilia, maana yeye aliruhusiwa kuliliwa. Mimi, fundi wa machozi, nilisimama pale kaburini nisipate hata tone. Niliona aibu, mwanangu, na niliona hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Basi nenda kasome. Usiniulize kama mwiko ule ulikuwa wa kweli au wa uongo. Mama aliuamini, na hilo lilitosha kumuua. Lakini kabla hujapanda jukwaani, nenda ukae na wale watakaokutazama. Kuuliza si ujinga. Jua nani amefiwa, na kilio gani watu wamejinyima. Na ukishawafungua machozi, usikimbilie makofi. Shuka, ukae nao mpaka wanyamaze. Padiri hakutufundisha hilo, kwa hiyo nakufundisha mimi.

Mungu akupe sauti, na akupe masikio kabla ya sauti. Akulinde na sifa zinazoziba macho. Watu wako wasikose kukulilia siku yako ikifika, na iwe mbali. Na ukipita Nyakabere, simama pale kaburini umwite Bukuru kwa jina, umlilie ukitaka. Mimi ni mzee sasa. Akija kunichukua, hatakuwa amekuja mapema.