Karatasi Aliyoona Haya Kuisoma

Mwanabaraka Mwinyimvua alikuwa Kibiti, kwenye duka la vitambaa, ameshika kanga anabishana na mwenye duka juu ya rangi, aliposikia sauti ya somo wake, kungwi aliyemfunda unyagoni, ikitoka kwenye spika ya kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara. Kwanza alidhani masikio yanamchezea. Bi Mwanawetu yuko zake Mtunda, mwanamke mtu mzima wa kukaa kwake, atafikaje kwenye spika ya vijana? Lakini sauti ile hawezi kuikosea mtu aliyefundwa nayo. Ilikuwa inaimba wimbo wa ndani, ule wa mwisho kabisa, ambao wali, wasichana wa unyago, huimbiwa mlango ukishafungwa. Chini yake wamewekea ngoma ya mbio ya singeli, na juu yake kuna kijana anapayuka kuchangamsha watu.

Wimbo wenyewe siuandiki hapa, na usinitumie mtu kuniuliza. Anayeujua anaujua, naye ni mwanamke. Wanaume wa nchi ile, tangu Chumbi mpaka kwenye visiwa vya delta, wanajua kwamba upo na wanajua kwamba si wao, na ngoma ya unyago ikilia hupita mbali wameangalia kwingine. Sasa vijana wa bodaboda walikuwa wanaucheza mchana kweupe, mmoja kajifunga sweta kiunoni anakata mauno, wenzake wanamshangilia. Ulipokwisha, yule wa kwenye spika akatamka taratibu, vizuri, bila kukosea kitu: "Sauti, Bi Mwanawetu binti Bwanaheri, kungwi wa Mtunda. Imerekodiwa na Daktari Mwanabaraka Mwinyimvua."

Mwenye duka akamwangalia. "Si wewe huyo?" akamuuliza. Mwanabaraka akaweka kanga juu ya meza, akatoka bila kuaga.

Kanga zile zilikuwa za mwanawe Warda, aliyekuwa ndani tayari kwa bibi yake, anasubiri kuchezwa unyago. Na wa kumcheza hakuwa wa kutafutwa. Tangu Warda anazaliwa Bi Mwanawetu alishasema: nimemcheza mama, nitamcheza na mtoto, Mungu akinipa uhai. Mwanabaraka alikuwa ameomba ruhusa chuoni, ameteremka kutoka Dar es Salaam kwa ajili hiyo tu.

Ngoja nikueleze alivyofika hapo, maana ukimhukumu kwa hili peke yake utamwonea. Alipokuwa mwanafunzi, alitaka kusoma makala iliyoandikwa na mgeni juu ya mila za Wandengereko. Mila za bibi yake mzaa mama, za nyumba aliyozaliwa. Akaikuta mtandaoni imefungiwa, hakimiliki ya jarida fulani la ng'ambo, na maktaba ya chuo haikuwa na ufunguo wake. Mwalimu wake akamwambia atafute mada nyingine. Ilimuuma, na nani isingemuuma? Mtu kaja kwenu, kala wali wenu, kaandika mambo yenu, halafu wewe unabaki mlangoni. Siku ile akaapa kwamba chochote atakachoandika yeye kitakuwa wazi kwa kila mtu.

Na kweli, alipopata shahada yake kubwa na wafadhili wa utafiti wakasema wanataka kazi yote iwekwe wazi, alifurahi kuliko wao. Alizunguka vijiji akirekodi nyimbo za wanawake: za kulima, za kutwanga, za kubembeleza watoto. Kila mwimbaji alimsomea karatasi ya ridhaa kutoka juu mpaka chini. Sauti yako itatumika hivi, itasikiwa na hawa, unaweza kukataa hiki na kile. Kule Mahege wapo waliosikiliza, wakacheka, wakamwambia hapana mama, hiyo usiichukue. Hakuichukua. Alikuwa mtafiti mwangalifu, hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Kasoro kwa mtu mmoja tu. Alipofika kwa Bi Mwanawetu kurekodi nyimbo za ndani, kwa kuwa makungwi wanakwisha na wanaondoka nazo, mambo yalikuwa mengine. Wewe mtu wa mbali utasema, si angesoma tu? Hujui usemalo. Mwali mbele ya somo wake hukaa mkekani, miguu kainyoosha, macho chini, anafundishwa. Hafundishi. Hata awe daktari wa vitabu vyote duniani, akifika mkeka ule anarudi kuwa mtoto. Na angetamkaje mbele yake maneno yaliyokuwa kwenye karatasi, kwamba nyimbo hizi aweza kuzisikia mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, mahali popote? Ulimi ulimwia mzito. Akaiweka karatasi mkekani akasema kwa sauti ndogo, "Somo, hii ya chuoni, ya utafiti."

Bi Mwanawetu akatoa kidole gumba kikatiwa wino. "Nikuulize nini," akasema, "na mimi ndiye niliyekucheza?"

Mwanabaraka alijiambia kwamba hakuna ubaya. Nani ataingia kwenye hazina ya maktaba ya chuo kusikiliza? Watu wa miwani wawili watatu. Alipozipandisha rekodi, mtandao ulimpa uchaguzi wa leseni. Angeweza kuzifungia wasikilize watafiti wanawake tu kwa maombi. Angeweza kuruhusu watu wasikilize wasibadilishe, au wasifanyie biashara. Yeye akachagua ile iliyo huria kuliko zote: chukua, nakili, badilisha, uza ukitaka, mradi umtaje mwenyewe. Akaiweka juu ya rekodi zote kwa pamoja, bembelezi na za ndani, kama mpishi mvivu anayefunika vyungu vyote kwa kifuniko kimoja.

Alipotoka dukani akajibanza nyuma ya ukuta wa msikiti, akampigia Faraja, mkutubi wa chuo anayeshughulikia hakimiliki. Wanawake hao wawili ni mashoga, marafiki wasiofichana.

"Nitaifuta leseni," Mwanabaraka akasema. "Nifutie leo hii."

"Naweza kuziondoa rekodi kwetu," Faraja akasema. "Leseni haifutiki. Aliyeichukua rekodi wakati iko wazi, na akafuata masharti, ameichukua kihalali mpaka mwisho. Kamtaja mwimbaji?"

"Kamtaja. Jina, ukoo na kijiji."

"Basi kafuata. Unaloweza ni kumwomba aondoe majina, hilo leseni inakupa."

"Lakini wimbo haukuwa wangu mimi wa kuutoa, Faraja."

"Ndiyo, na kuna sheria kidogo ya kulinda nyimbo za jadi, tunaweza kuitafutia mwanasheria. Ila jua tangu sasa, watakuuliza ridhaa iko wapi, na ridhaa utakayotoa ni ile karatasi yenye kidole chake." Akashusha pumzi. "Hakimiliki inauliza nani katunga, nani kaimba, nani karekodi. Haiulizi nani hatakiwi kusikia. Hilo lilikuwa lako wewe kulisema, shoga yangu, kwa kuwa wewe ndiye uliyelijua."

Neno hilo lilimchoma, na lilimchoma kwa sababu ni la kweli. Akatafuta namba ya yule kijana wa singeli, ilikuwa imeandikwa mtandaoni chini ya wimbo kwa watu wa kumwita kwenye sherehe. Jina lake Haidari, mzaliwa wa Ikwiriri, anatengeneza biti Mbagala. Mwanabaraka alijiandaa kutukana. Yule bwana mdogo akamwangusha kwa adabu.

"Shikamoo mama. Mimi masharti nilisoma yote," akasema. "Wenzangu wanaiba tu sauti za wazee, hawataji mtu. Mimi nikasema hapana, huyu mama lazima apewe heshima yake. Kwani nimekosea jina?"

"Hujakosea. Ungelikosea ingekuwa nafuu. Ule ni wimbo wa ndani, mwanangu. Wa wali."

Haidari ana mama, ana dada. "Astaghfirullah," akasema. "Haikuandikwa mahali, mama. Iliandikwa tu wimbo wa wanawake." Akaahidi kuuondoa saa ileile, na aliuondoa, majina na wimbo wote. Kwenye simu za watu atautoa nani? Bodaboda aliyempeleka Mwanabaraka Mtunda alikuwa anaupiga mluzi njia nzima, hajui kambeba nani.

Alimkuta Bi Mwanawetu uani, kakaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Alipiga hodi, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Lakini hakuambiwa karibu mkekani. Akabaki kasimama na mkoba wake begani, daktari mzima, hajui aweke wapi mikono.

"Umesikia," Bi Mwanawetu akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimesikia, somo. Na aliyeutoa nimeshasema naye, ameuondoa."

"Vizuri." Akapepeta, akapuliza makapi, akapepeta tena. "Mama wa wali wangu wa msimu huu wameshakuja. Wamekuja kwa heshima, hawakunivunjia. Wanasema watoto watachezwa Mahege. Mkwe wangu, yule bwana wa binti yangu mdogo, alikuwa kila Ijumaa akitoka msikitini anapita hapa kuniamkia. Ijumaa hii kaona haya, kapita njia ya nyuma. Kaisikia sauti ya mkwewe inasema yale, atanitazamaje? Mimi ningekuwa yeye ningepita njia hiyohiyo."

Mwanabaraka akaanza kulia. Akasema nisamehe, akasema sikukusudia, akasema mambo ya leseni na wafadhili na ile makala ya zamani iliyomfungia nje, yote yakamtoka yamechanganyika. Bi Mwanawetu alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Ile karatasi unayo?"

Alikuwa nayo. Nakala za kazi yake hutembea nazo zote, ilikuwa ndani ya mkoba.

"Kaa. Nisomee."

Akakaa chini, si mkekani, kwenye mchanga, akasoma. Ilikuwa imeandikwa Kiswahili kizuri, yeye mwenyewe ndiye aliyekiandika, na hakuna neno ndani yake lililofichwa. Kwamba sauti hii itawekwa mahali pa wazi. Kwamba yeyote ataweza kuisikiliza, kuinakili, kuibadilisha. Kwamba jina la mwimbaji litatajwa. Kwamba mwimbaji ana haki ya kukataa yote au sehemu, na hatalaumiwa. Alipofika hapo akarudia mstari. Chini kabisa kulikuwa na alama ya kidole, ya zambarau, imekaa sawasawa katikati ya nafasi yake.

Bi Mwanawetu alikuwa ameacha kupepeta. "Kumbe yalikuwamo," akasema. "Mimi nilidhani hayakuandikwa. Nilikuwa nakutetea kwa watu kwamba na wewe walikudanganya."

"Niliona haya, somo. Nisingeweza kukaa mbele yako nikakueleza."

"Haya nilikufundisha mimi, ni kweli." Akaitazama karatasi bila kuigusa. "Ungenisomea hivi siku ile ningekukatalia. Tungekula wali na samaki, ungerudi chuoni kwako mikono mitupu, na ingekuwa basi."

Mwanabaraka akaikunja karatasi. Lilikuwa limebaki jambo moja, alilokuwa nalo moyoni tangu Kibiti, na aliliogopa kuliko yote. Akalisema akiwa ameinama, macho mchangani, kama alivyokuwa akikaa zamani. "Na Warda, somo? Yumo ndani anakusubiri wewe."

Mama yule akainua ungo wake akauweka magotini.

"Warda nitamwambia nini, mwanangu, ambacho bodaboda wa Kibiti hawajakicheza?"

Akarudi kupepeta mchele wake.