Kiingilio cha Msitu wa Tana

Kwangu mimi hakukuwa na jambo la kunishangaza duniani. Nilianza kwa kuchunga mbuzi wa watu, leo nina lori yangu, maduka mawili Garissa na ng'ombe wengi kuliko wapwa zangu. Shule nilikaa miezi michache, nikaona mwalimu ananichelewesha. Fisi nimemfukuza kwa fimbo. Simba nimemsikia akitafuna ngamia wa baba yangu karibu na nilipolala. Kwa hiyo Njoroge, mchinjaji wa Thika anayenunua ng'ombe kwangu, aliposimulia hotelini kwamba alilipa kiingilio katika mbuga ya Nairobi ili, yeye akiwa ndani ya gari, amtazame simba, mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nyinyi watu wa Garissa," akasema, "mnyama hamumwoni mpaka awe na bei."

Hoteli nzima ikanigeukia. Nikamjibu kwamba huku kwetu, katika msitu wa mto Tana, yuko mbega mwekundu ambaye hapatikani popote pengine, nami nitakwenda kumtazama bila kumgusa. Akaniuliza kama nimewahi kumwona. Sikuwa nimewahi. Hapo nikawa sina budi kwenda.

Kwanza ilikuwa kibali. Tulikuwa katikati ya vita vya mashifta, waasi wa huko kwetu, na mtu hakutoka mjini bila karatasi. Karani aliniuliza nakwenda kufanya nini porini, nikasema kutazama wanyama. Akasema wanaotazama wanyama ni Wazungu. Msomali akienda msituni na lori, anawapelekea wenye bunduki chakula. Aliniambia hivyo mimi, niliyeanza kulipa kodi yeye angali mgongoni kwa mama yake. Nililumbana naye mpaka akachoka. Akanipa kibali cha siku moja: kabla ya saa kumi na mbili jioni niwe nimerudi kizuizini, la sivyo lori ishikwe. Na lori ile ndiyo mimi. Bila lori narudi kuwa mchunga mbuzi.

Alfajiri mke wangu Dahabo alinifukizia shati jeupe kwa uunsi, ule ubani wetu, mpaka moshi ukaingia katika kila uzi. Kwetu mwanamume mwenye heshima haendi ugenini akinuka jasho. Kafyu ilipoisha tukaondoka, mimi na Hassan, mtoto wa ndugu yangu, anayeniita adeer, yaani ami, na ambaye ndiye dereva wangu.

Njiani tulipita kijiji walikokusanywa wafugaji kwa amri ya serikali. Watu waliozaliwa wakifuata mvua walikuwa wamekaa kwenye vumbi kando ya kituo cha askari, na ngamia aliyevuka mpaka wa kijiji hakurudi. Mbele kidogo twiga wanne wakakata barabara polepole, wakaenda zao kule ambako wenye ngamia walikatazwa kwenda. Hakuna aliyewauliza kibali. Nilitema mate dirishani. Si kwa ajili ya twiga, wao hawana kosa.

Saa nne tukafika kwa Komora, Mmalakote anayelima ndizi na mahindi ukingoni mwa mto na kumuuzia Hassan ndizi. Alinisalimu vizuri, kisha akarudi nyuma akinusa.

"Bwana Abdullahi, leo unaoa?"

Akaniambia shati lile libaki nyumbani kwake, nivae shuka yake. Wanyama wa msituni, alisema, moshi kwao ni moto. Nilikataa. Nimeingia ofisi za wakubwa na shati lile. Sitavuliwa nguo na mkulima wa ndizi kwa ajili ya nyani. Akainua mabega. Masharti mengine nikayakubali: tusipige kelele, tusitupe chakula, tusikaribie mwenye mtoto.

Ndani ya msitu kulikuwa na baridi kama ndani ya mtungi. Tulikaa chini ya mkuyu, kimya, hata nikasinzia. Komora akanigusa goti. Juu yetu mbega walikuwepo, vichwa vyekundu kama vimepakwa hina, na mmoja alishika tawi kwa mkono usio na kidole gumba, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Miaka yote nimepita na lori kando ya nyumba yao bila kujua. Hilo nalo lilinikasirisha.

Saa nane tukageuza lori, Komora akiwa nasi mpaka njia kuu. Hatukufika mbali. Ndovu jike alikuwa amesimama katikati ya njia, na chini ya tumbo lake kitoto ambacho bado kilikuwa kinayumba. Upepo ulitoka kwetu kwenda kwake. Akainua mkonga, akatanua masikio, akabaki pale pale.

Tulizima injini. Tulingoja. Jua likashuka, naye anapiga mguu chini kila upepo ukivuma. Hassan, ambaye p ya Kiswahili humkatalia mdomoni, akaweka mkono kwenye honi.

"Saa imebita, adeer. Nibige honi tubite katikati. Lori ikishikwa, tutakula nini?"

Komora alisema taratibu kwamba mama akishtuka, atakayekanyagwa kwanza ni mtoto.

Niliutazama mkono wa Hassan. Akilini nilimwona Njoroge akicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, toa mkono." Kisha nikavua shati, nikampa Komora, naye akanipa ile shuka yake, akaenda kulizika shati kwenye tope la mto. Mpaka leo sikubali kwamba lilikuwa ni shati. Lakini si muda mrefu ndovu akashusha masikio, akakisukuma kitoto kwa mkonga, wakaingia msituni.

Tulifika kizuizini kafyu imeshaanza zamani, mimi nimejifunga shuka ya Komora kifua wazi. Askari aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nangojea ndovu apite. Walicheka, kisha wakaacha kucheka, wakapekua lori, wakapata mkungu wa ndizi ambao Hassan aliununua kwa Komora, wakauita chakula cha mashifta. Lori ikashikwa. Nilikwenda ofisi ile kila asubuhi, nikasimama mbele ya karani yule yule, mpaka lori ikaachiwa kwa faini ya shilingi mia tano sitini na senti hamsini.

Nilichojifunza ni kwamba mnyama ukimwachia njia, huondoka. Mwenye karatasi haondoki. Na nikikutana tena na yule mama, nitangoja tena, ila shati nitaliacha kwa Dahabo.

Njoroge alipokuja kuchukua ng'ombe, nikamsimulia yote. Akaniuliza kiingilio cha kwetu ni kiasi gani. Nikamwambia: shilingi mia tano sitini na senti hamsini.