Mwanangu na Mkwe Wangu Wanagombania Njia ya Kuua Virusi Kwenye Damu

Ndugu msimamizi wa ukurasa, naomba ulifiche jina langu, kwa kuwa ninaowataja ni watoto wangu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu, mkazi wa Mabatini, Mwanza.

Mwanangu wa kiume na mume wa binti yangu ni wataalamu wa maabara. Walibuni namna mpya ya kuua virusi kwa mwanga katika damu ya kuchangiwa. Sasa kila mmoja anadai hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki ubunifu huo, na shauri liko mbele ya msuluhishi. Atakayeshinda ni yule aliyetoa wazo la msingi.

Wazo hilo lilizaliwa katika chumba changu cha uani. Siku za Jumapili walikuwa wakijaza juisi nyekundu ya rosela katika mfuko wa plastiki badala ya damu, kisha wakiumulika kwa taa. Mimi nilikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta. Siku moja nikamsikia mmoja akisema, "Mwanga unaishia juu juu. Tuulaze mfuko, tuutikise polepole, kila tone lipate zamu yake." Mwingine akacheka, "Kwani unapepeta mchele?" Kupepeta huko ndiko kunakogombaniwa leo.

Tangu mzozo uanze, mwanangu ananiletea sato kutoka Kigongo kila wiki. Hakuwa na desturi hiyo.

"Mama, siku ile ulinisikia," aliniambia.

"Nilisikia mtu."

"Mtu huyo ni mimi."

"Mbona unanifundisha nilichokisikia?"

Akainama, akaendelea kumparua samaki ambaye alikwisha kuparuliwa. Kisha akasema, "Mkweo hujawahi hata kumtazama usoni. Utasemaje kwamba unamjua?"

Ni kweli. Kwetu Wasukuma wa zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani, wala hawali pamoja, na mimi mila hiyo nimeishika. Lakini mtu usiyemtazama utamjua kwa nini, kama si kwa sauti? Tangu amwoe binti yangu, hunisalimu akiwa nyuma ya mlango: "Shikamoo, mama." Nami huitika, "Marahaba, baba." Aliyesema mfuko utikiswe ni yeye. Aliyecheka ni mwanangu.

Binti yangu naye amekuja. "Mume wangu hataki uitwe, mama. Anasema mama mkwe hasimamishwi mbele ya watu." Sijui kama hiyo ni heshima, au anajua nilichosikia na anasubiri nijipeleke mwenyewe.

Wiki ijayo nitaulizwa mbele ya msuluhishi. Nikisema kweli, nitamwaibisha mwanangu niliyemzaa. Nikinyamaza, binti yangu atalala kila siku na mume niliyemdhulumu mimi.

Samaki wa jana bado yumo sufuriani, sijamgusa. Ninyi wenye watoto na wakwe, mngekuwa mimi mngefanya nini?