Pumzi za Mgeni

Mpaka leo nikisikia mtu anakoroma mchana, nainuka nilipoketi. Sijali kama niko kwa watu au kanisani. Lawama zote namtupia mdogo wangu wa kiume, aliyetuletea mbwa aina ya buldogi hapa Gongoni, Tabora, akidhani ametuletea ulinzi.

Alimtuma kutoka Dar es Salaam baada ya wezi kuruka ukuta na kuondoka na kuku wa mama. Alikuwa jike, kifua kipana, miguu ya mbele imetanuka kama ya kigoda, na uso umebonyea hadi pua imekaa kati ya macho. Kwenye simu mdogo wangu alitwambia huyo si mbwa wa kuokota: wazazi wake walishinda mashindano ng'ambo, ambako mbwa hupitishwa mbele ya waamuzi kama warembo. Mama alikulia kijijini Lusu, kati ya mbwa wembamba wanaokimbia nyuma ya ng'ombe kutwa. Alimzunguka yule mbwa, kisha akauliza, "Sasa huyu ananusia wapi?" Akawa anamwita mgeni, na jina lingine hakuwahi kupata.

Kosa letu lilikuwa kufurahi. Mgeni alikuwa na mngurumo mzito uliosikika mpaka barabarani, usiokatika hata akilala. Wapita njia walihamia upande wa pili. Muuza mkaa aligoma kuingia, akawa anaacha gunia nje ya geti na kuita kwa mbali. Jirani alisema mbwa wetu hana mchezo, anaunguruma hata usingizini, na mama akarudia maneno hayo sokoni kwa majivuno. Tukanunua kuku wengine.

Kumbe hakuwa anaunguruma. Alikuwa anatafuta hewa.

Nilielewa Oktoba, wakati Tabora nzima inatazama juu ikisubiri mvua na mchanga unachoma hadi ndani ya kandambili. Nilimkuta nyuma ya mtungi, ulimi umegeuka rangi ya zambarau, macho yamemtoka. Alikuwa anakaa na kusimama, anakaa na kusimama, maana kila akilala koo linaziba. Nilimmwagia maji na kumpepea kwa ufuniko wa sufuria mpaka ulimi ukarudi rangi yake. Tangu siku hiyo sikutulia. Mimi ni fundi wa kushona, cherehani yangu iko barazani, nikawa naisimamisha katikati ya mshono ili nisikilize. Pumzi zikisikika, zilinikwaruza roho. Zisiposikika, naruka.

Nilimwita daktari wa mifugo, aliyezoea zaidi ng'ombe na mbuzi. Alimfungua mdomo, akatikisa kichwa. Alisema matundu ya pua ni membamba mno, na nyama ya kooni imezidi nafasi iliyopo, kwa sababu watu wamekuwa wakichagua uso mfupi, kizazi baada ya kizazi, mpaka uso ukaisha. Akaongeza neno ambalo sikumuuliza: huyu asipandishwe. Watoto wao wana vichwa vikubwa kuliko nyonga ya mama, atahitaji kupasuliwa, na kwa koo kama hili anaweza kulala kwa dawa asiamke.

Nilimpigia mdogo wangu simu palepale. Naye alikuwa na habari yake. Rafiki yake ana dume wa aina hiyohiyo, amekubali kumwazima, atamleta mwenyewe kwa gari.

"Daktari amekataa," nikamwambia.

"Dada, huyo ni daktari wa ng'ombe. Hawa wana mambo yao."

Mama alininyang'anya simu. Kwetu posa haijibiwi kabla watu hawajauliza upande wa pili ni watu gani na kwao kuna nini. Kazi hiyo mama ameifanya kwa wajomba, kwa mashangazi na kwangu mimi, na alimkataa mwanamume niliyemtaka. Sasa akaifanya kwa mbwa, bila kutabasamu.

"Huyo bwana harusi ni wa ukoo gani?"

Mdogo wangu akacheka, kisha akajibu kwa fahari. "Wa ukoo mmoja na huyo wako, mama. Babu yao ni yuleyule, bingwa kabisa."

"Ndugu?"

"Ndivyo ule uso unavyopatikana, mama."

Mama aliilaza simu juu ya kitambaa cha meza, akaitazama, kisha akainama na kuisemesha pale pale ilipolala. "Basi sisi tumekataa. Binti haolewi."

Mdogo wangu alidhani ni utani. Nikamkumbusha na joto la njiani, akanijibu kwamba babu zetu walitembea kutoka huku hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, seuze mbwa aliyekalishwa kwenye kiti cha gari. Nilimkatia simu. Nilikuwa na hasira hata uzi haukupita kwenye tundu la sindano.

Siku chache baadaye mdogo wangu alifika alasiri, jua likiwa bado kali. Nilifungua geti nikiwa nimeshika ufagio, nimejiandaa kugombana. Alishuka shati limemganda mgongoni. Kiyoyozi cha gari kilikuwa kimekufa walipopita Igunga, kisha tairi likawakalisha Nzega. Dume alikuwa kiti cha nyuma, kichwa juu ya taulo mbichi. Hakukuwa na mngurumo wowote.

"Shikamoo mama," mdogo wangu alisema, amechelewa kusalimia.

"Marahaba, baba. Mtoe juani."

Mdogo wangu alichimba kaburi mwenyewe nyuma ya bafu, mahali ambapo udongo ni laini. Hakutaka nimsaidie, nami sikusisitiza. Alipomaliza kufukia, mgeni alitoka kivulini akijivuta, akapanda juu ya kaburi, akalaza tumbo lote kwenye ule udongo.

Mdogo wangu akaanza kulia. "Mwone, dada. Anamlilia mwenzake."

"Hata hakumjua," nikasema. "Udongo umetoka chini. Una ubaridi."

Akachuchumaa karibu na mgeni. Dar es Salaam, kabla ya kumtuma kwetu, alikuwa amekaa naye kwenye nyumba ya kiyoyozi, akisikia mkoromo na kuucheka. Sasa alisikiliza muda mrefu, mkono juu ya mbavu zile zilizokuwa zikipanda na kushuka kwa shida.

"Anapumua hivi siku zote?"

"Siku zote."

Alikwenda bombani, akarudi na ndoo, akawa anamwagia maji taratibu pembeni mwa kaburi, kumzunguka mgeni. Harusi haikutajwa tena, siku ile wala baadaye. Nilibaki nimesimama na ufagio wangu, nikisikiliza, nikisubiri pumzi inayofuata.