Siku Wifi Yangu Alipomtazama Baba

Nakumbuka siku moja ya mavuno ya ulezi hapa Ndalambo, mwanangu, na hata leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Nilikuwa binti, sijaolewa bado. Wifi yangu Tabia, mke wa kaka yangu mkubwa, alikuwa amerudi kutoka hospitali kubwa kule Mbeya. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba, kisha likawa linasukumwa nje taratibu. Sisi tulisema ni makapi yaliyomwingia akipepeta, tukawa tunamwosha kwa maji ya chumvi.

Daktari alisema ni saratani, tena ya aina isiyoonekana mara nyingi, imeota nyuma ya jicho. Ni lazima litolewe jicho pamoja na nyama zote zinazolizunguka, ubaki mfupa tu, la sivyo itapanda kwenye ubongo. Niliposikia hivyo nilikaa chini pale pale uani. Sikujua kwamba uso wa mtu unaweza kuchimbwa hivyo na mwenyewe akaishi.

Ndugu wakaitwa. Neno la mwisho lilikuwa la baba, naye akakataa.

"Heri tumzike ana macho yake yote mawili," alisema, "kuliko nyumba hii ikae na mtu mwenye shimo usoni."

Kaka yangu, mume mzima, akainamisha kichwa. Mimi nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na habari ya daktari, maana yule alikuwa baba yangu, mtu mpole.

Unajua mila yetu Wanyamwanga ya siku zile. Mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye; wakikutana njiani anampisha na kujifunika. Kwa hiyo baba alikuwa anaamua habari za uso ambao hajawahi kuuona vizuri. Yote alisimuliwa na mama, na mama, kwa huruma zake, alisema jicho limevimba kidogo.

Tabia alikuwa jikoni ananyonyesha, anasikia kila neno. Akatoka na mtoto kifuani, akaja mpaka mbele ya kiti cha baba, akavua kitenge alichojifunika. Jicho lilikuwa limetoka lote, jekundu, kope hazifungi.

"Baba, nitazame," alisema. "Mkishanizika na macho mawili, huyu atanyonya kwa nani?"

Baba alimtazama, kisha akalia mbele ya wadogo zake. Akasema apelekwe kesho yake.

Alifanyiwa upasuaji, tundu likazibwa kwa ngozi ya paja lake. Bandeji ilipofunguliwa niliogopa, sikufichi. Yeye aliomba kioo, akajitazama kwa muda mrefu, halafu akaomba uji. Yupo mpaka leo. Juzi tu alikuwa Tunduma anauza karanga.

Mwanangu, jicho likianza kujitokeza usilifanyie mzaha, wahi hospitali. Na ukiitwa kwenye kikao cha mgonjwa, dai kwanza aletwe mtazamane, ndipo mtu afungue mdomo kuamua. Mungu akulindie macho yako, na akupe moyo wa kumtazama mwenzako bila kugeuza uso.